Bao la Mwezi wa Ramadhani

Kitale,
14 Juni 2025.

Kwa dada yangu mpenzi Zuena,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, magoti yamepoa, na mahindi yako ya Mabanga yamepata mvua ya kutosha. Sisi huku hatujambo. Mke wangu Shamira anakusalimu, anasema bado anamngoja yule kuku uliyemwahidi. Duka la vipuri linatupa riziki, nami nina furaha, alhamdulillahi.

Utashangaa kwa nini naandika na simu iko. Kwenye simu ungenikatiza, dada, kama kawaida yako.

Ile filamu ya maisha yangu ya mpira inakaribia kwisha. Chelangat, binti anayeitengeneza, amenifuata na kamera wiki tatu, dukani, msikitini, hadi kwa kinyozi. Alinirudisha kwenye kile kiwanja cha hapa Kitale timu yetu ya Bungoma ilipowashinda wenyeji katika fainali ya kombe, mwaka wa tisini. Nilipojaribu kupiga shuti, kiatu kilienda mbali kuliko mpira. Watu walishika mbavu, nami nikacheka nao.

Bila shaka alitaka habari za bao langu lile. Unazijua kuliko mimi: jua kali, Bashir ana saumu, dakika ya themanini na nane. Kila Ramadhani unawasimulia watoto wa madrasa wakilalamika kiu.

Basi alimtafuta pia Gathii, aliyekuwa kipa wa Kitale siku ile. Siku hizi ni mkulima, anafuga na ng'ombe wawili watatu. Tukaketishwa benchi moja. Gathii akasema nguvu zangu zilitoka kwa Mungu, yeye hakuwa na la kufanya. Akaeleza jinsi watu wake wamemtania miaka thelathini na mitano kwamba alishindwa na mtu mwenye njaa, hata mwanawe akapigana shuleni kwa sababu hiyo. Aliyasema akitabasamu. Mimi niliona aibu hata kumtazama.

Dada, sikuwa na saumu. Wakati wa mapumziko macho yaliingia giza, nikaenda kujimwagia maji kwenye bomba nyuma ya goli. Gathii akanikuta nimechuchumaa, natetemeka. Akanipa chupa yake ya uji wa wimbi, nikaimaliza yote. Nilimwomba asimwambie mtu. Saumu ya siku ile niliilipa baada ya Idi, lakini mlipoanza kunisifu, wewe ukiwa wa kwanza, nilinyamaza. Naye akanyamaza, kwa sababu tu nilimwomba.

Nikamwambia Chelangat asizime kamera, nikasema yote. Gathii aliinamisha kichwa, kisha akaniambia polepole, "Bashir, si ungeacha tu, bana. Mimi nilikuwa nishazoea."

Hapo nililia, dada, na kamera imenichukua nikilia.

Filamu itaonyeshwa Bungoma mwezi ujao. Nakuogopa wewe kuliko ukumbi mzima, ndiyo maana nakuandikia mapema. Kasirika ukipenda, una haki. Ila mimi tangu niseme kweli moyo wangu mweupe.

Gathii atakuja na mkewe Mwihaki, na nimewaambia watafikia kwako. Hajakanyaga Bungoma tangu mwaka ule, kwa kuogopa kuchekwa. Tafadhali, mpokee mlangoni wewe mwenyewe.

Nisalimie shemeji na watoto wote, na Mwenyezi Mungu akuzidishie afya.

Mdogo wako,
Bashir