Mnazi wa Kitovu Chako

Kongowe, Kibaha,
14 Mei 2024.

Mpendwa mpwa wangu Hashiru,

Salamu zikufikie huko Sumbawanga. Vipi afya zenu, wewe, Yasmin na watoto? Mimi mzima, Kongowe nzima hakuna mtu wa umri wangu mwenye kifua kama changu. Ila usingizi umenihama. Simu yako haipatikani, ndiyo maana barua hii nampa dereva wa basi.

Nina woga, mjomba. Abdulwahab, yule jirani uliyecheza naye utotoni huko shambani kwetu Marui, anadai mpaka wake unafika ukutani mwa jiko la bibi yako. Maana yake kaburi la bibi liko kwake. Anataka kuleta trekta alime mananasi.

Unaukumbuka mnazi wa pembeni? Bibi alizika kitovu chako, akapanda mche juu yake, uwe alama ya mpaka. Shimo nililichimba mimi, kwa mkono mmoja. Ulivyokuwa na maringo nao! Abdulwahab alikuwa anapiga hodi, "Hashiru, naomba dafu lako," nawe humpi mpaka ambebee bibi maji ya kisimani. Leo anasema mnazi ule kaupanda baba yake.

Juzi kamati ya ardhi ya kijiji ilikaa. Nikasimama, nikaanza na sifa za mnazi wenyewe, kwamba nazi yake moja iliunga wali wa harusi nzima ya dada Anifa. Mzee mmoja akauliza, "Na yule chatu unayedai ulimfunga fundo, Mwinshehe, alialikwa?" Wakacheka mpaka mwenyekiti akafuta machozi. Nilipofika kwenye kitovu, hakuna aliyesikiliza. Abdulwahab peke yake hakucheka. Alikuwa anaangalia chini.

Kamati inakwenda shambani Jumamosi ya tarehe 25 kukata shauri. Njoo, mjomba. Wewe huna maneno mengi, ukisema wanaamini. Simama naye pale mnazini, umuulize nani alikuwa anamwomba nani dafu. Mbele ya macho yako hawezi kukana.

Jana nilikwenda peke yangu. Nimekuta kigingi kimepigwa kichwani pa kaburi la mama. Nilitaka kuking'oa, nikaurudisha mkono mfukoni. Nimeondoka bila hata kumsomea Fatiha.

Nisalimie Yasmin, na Zawadi mwambie babu anamkumbuka. Mola akufungulie njia, ufike kabla ya trekta.

Mjomba wako akupendaye,
Mwinshehe.