Ushahidi Juu ya Vyumba vya Nyuma

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Kuna sauti haijanitoka masikioni: mama akipiga hodi kwenye mlango wa nyumba yetu, mlango alioupaka rangi kwa mkono wake. Alipiga, akasubiri, akapiga tena kwa upole kama mgeni. Alikuwa amefuata masufuria yake. Wewe hujambo? Kifua kimetulia? Nakuuliza kwa moyo mmoja.

Mama hajambo, ndivyo anavyojibu akiulizwa. Tangu umpe talaka anaishi chumba kimoja, na mboga anakatia juu ya kitanda. Kibaraza alichokuwa akisukia nywele kilibaki kwako, kwa hiyo sasa anawafuata wateja majumbani, nao humlipa wapendavyo. Mmoja, ambaye zamani alikuwa akipanga foleni kibarazani kwetu, alimwambia apitie mlango wa jikoni. Mpangaji mwenzake akamtania kwamba hata mama mwenye nyumba siku hizi anaijua kodi. Mama alicheka naye. Jioni alisema hana njaa, akanisogezea sahani yote.

Wakili wako aliiambia mahakama kuwa nyumba ni jasho lako peke yako, na kwamba mama alisuka kupitisha muda tu. Mama alinyamaza. Nilipomuuliza sababu, alisema hana risiti hata moja, shahidi wake ni mimi tu, na hawezi kunisimamisha kati ya wazazi wangu. Akaniomba nimalize chuo, mambo ya wakubwa niwaachie wakubwa.

Sikumtii, baba. Jana nilitoa ushahidi. Hukuwepo, na sikutaka uipate habari hii kwa wakili. Nilieleza ujenzi ulivyokwama kwenye lenta, mama akasuka mabibi harusi mpaka vidole vikavimba, ndipo mabati yakaja. Nikasema wewe mwenyewe ulikuwa ukiwaonyesha wageni vyumba vya nyuma, ukicheka, ukiviita vyumba vya nywele. Hakimu akaniuliza kama nina ugomvi nawe. Nikajibu sina. Hapo ndipo nilipolia.

Ada yangu inatoka mfukoni mwako, ukiufunga sitakulaumu. Nguo na vitabu vyangu nimeshavihamishia kwa mama.

Msalimie mkeo. Dawa ya kifua usiiache.

Ni mimi,
Kifungua mimba wako