Jina la Marehemu Shingoni Mwangu

Jumapili. Mvua imeshika tangu asubuhi na kambi nzima ya mgodi inanuka majivu yaliyolowa. Leo hakuna apeli, hatupangwi mstari kuitwa majina. Alhamdulillahi.

Naandika kwa herufi za Kiarabu za chuo cha Kurani, zile nilizochapiwa bakora kwetu Kasongo mpaka zikaingia. Kapita, msimamizi wetu, hawezi kuzisoma. Akili zake zote ziko kwenye kiboko.

Nimechoka kuwa Kalonda.

Nilipofika hapa kutafuta kazi, kapita alinipima mabega kwa macho, akanivisha shingoni kibati chenye namba, akasema, "Tangu leo weye ni Kalonda. Ukiitwa, itika." Nikacheka. Nilidhani ni uvivu wa kuandika jina jipya. Njaa ilikuwa inanisukuma, nikaitika.

Baadaye wenzangu wakaninong'oneza. Kalonda alikuwa mtu wa Lusangi. Ukingo wa shimo ulimwangukia, na hakuna aliyeruhusiwa kumfukua. Udongo ukasawazishwa juu yake, watu wakahamishiwa shimo jingine. Mtu akifa kazini serikali inakuja kuuliza nguzo za kuzuia udongo ziko wapi, na hazikuwapo. Basi kwenye daftari Kalonda hakufa. Anaitwa kila asubuhi, na mimi namwitikia.

Mkewe, Mama Feza, anakaa karibu kabisa na uwanja wa apeli. Kapita alimwambia akitoa kilio tu, anatoka kambini yeye na watoto wake. Kwa hiyo hajalia. Anatwanga muhogo. Jina likiitwa, mchi unasimama hewani. Nikisema "Niko!", mchi unashuka. Wallahi, kishindo kile kinanifuata mpaka shimoni. Nikiinama kuchota mchanga nahisi mtu yuko nyuma yangu, anangoja nimalize kutumia kitu chake.

Kufa, sote tutakufa. Naogopa kufa kwa jina hili. Mama yangu Zaina ataambiwa na nani? Na mwalimu akikaa juu ya kaburi kunisomea talakini, kunikumbusha majibu ya kuwapa malaika, ataniita nani? Nikiitwa Kalonda huko chini, niitike pia?

Ijumaa nilimkuta Mama Feza mtoni. Sikujua nianzie wapi, nikampa pole. Nadhani hakuna aliyekuwa amempa. Akanitazama sana.

"Kalonda alisomewa mapatano ya kazi mbele ya mutu wa serikali," akasema. "Nilikuwa pale, nilisikia na masikio yangu. Mutu akifa ku kazi, ndugu zake waambiwe. Ile ni haki yake, haiko zawadi ya kapita. Na weye, baba, walikusomea nini?"

Mimi? Sikusomewa kitu. Nilivishwa kibati.

Nikamwambia nikisema ukweli atafukuzwa. Akajitwika mtungi wake. "Basi nifukuzwe nikiwa mujane," akasema, akaenda zake.

Jana asubuhi kapita akaita, "Kalonda!" Sikuitika. Akaita tena. Mchi ulikuwa juu.

"Kalonda alikufa," nikasema. "Miye ni Amuri, mutoto wa Zaina, wa Kasongo. Uniandike kwa jina yangu."

Kapita akainua kiboko, na hapo ndipo tuliposikia. Mama Feza alikuwa ameangusha mchi, anapiga ukelele wa msiba, anataja jina la mumewe mbele ya kambi nzima. Wanawake wakampokea kilio, nyumba kwa nyumba. Mficha maradhi, kilio humfichua. Kiboko kilinishukia hata hivyo. Mgongo unawaka mpaka sasa, nimelazimika kuandika nikiwa nimelala kifudifudi.

Bado wanaomboleza, nawasikia katikati ya mvua. Kapita amesema kesho Muzungu mwenyewe, mkubwa wa mgodi, atasimama kwenye apeli.

Kibati nimekivua, nimempelekea Mama Feza. Hana kaburi la kukalia, basi amekifunga kwenye pindo la nguo yake. Shingo yangu iko wazi, na bado mkono unapanda kukitafuta.

Je, kesho nitaweza kusema tena, mgongo ukiwa hivi?

Wakiita Amuri, niko. Wakiita Kalonda, wamsikilize mkewe.