Daftari la Pili la Bi. Zaituni

Same, 4 Septemba 2024

Mdogo wangu Asnath,

Bi. Zaituni amesema jana, nyumbani kwake hapa mjini, kwamba marehemu mume wake hakuwahi kumkataza kuandika. Alisema mara mbili, nikaandika mara mbili. Nimetanguliza habari kabla ya salamu, ni mazoea ya gazetini. Hujambo? Kifua kimepona? Wifi yako yuko Vudee anavuna maharage, anakusalimu.

Mjukuu wa Bi. Zaituni anasoma ualimu. Chuoni wamepewa kitabu chako, akamsomea bibi yake sura ya tano, ile iliyokupa uprofesa. Umeandika kwamba hadithi aliyoiandika Bi. Zaituni daftarini inakatika katikati ya sentensi kwa sababu mumewe, Mzee Iddi, alimnyang'anya kalamu. Yeye anasema ilikatika kwa sababu daftari lilijaa. Iliendelea kwenye la pili. Mwaka 1998 ulitoa kopi ya la kwanza, ukamrudishia, ukaahidi kurudi Ijumaa kuchukua la pili. Hukurudi. Yote mawili Mzee Iddi ndiye aliyemnunulia, akitoka zamu ya mkonge.

Daftari la pili nimeliona. Sentensi inaisha kwenye mstari wake wa kwanza.

Anataka urekebishe. Watoto wake wanne wanamuuliza kwa nini alimsema vibaya baba yao kwa wageni.

Kaka yako,
Eliamini


Dar es Salaam, 9 Septemba 2024

Shikamoo kaka,

Kifua kimepona, ila situlii. Nimeinuka mezani mara sita kabla ya kufika hapa. Wifi unisalimie sana.

Ahadi ya daftari la pili siikumbuki, na kopi yangu haina jalada. Ningejuaje kwamba ule ulikuwa ukurasa wa mwisho? Miaka ishirini na sita nimefundisha maandishi ya wanawake wa Kiislamu, na siku zote nawaambia wanafunzi: sauti ya mwanamke ikikatika, uliza nani ameikata. Huenda Bi. Zaituni anamlinda marehemu. Wajane hufanya hivyo.

Tarehe 8 Novemba natoa mhadhara wa kustaafu. Wote unasimama juu ya sura ile, na Januari kitabu kinachapishwa upya. Tafadhali liazime hilo daftari, unitumie kwa basi.

Mdogo wako,
Asnath


Same, 17 Septemba 2024

Mdogo wangu,

Natumaini umzima. Huku jua kali, afya tunayo.

Daftari hatoi. Nilimsomea maneno yako, akacheka. Akasema: "Mwambie profesa, nikisema nimekatazwa ananiamini. Nikisema sikukatazwa, namlinda mtu."

La kwangu ni moja. Aliyechoma vitabu vya hadithi vya binti yake alikuwa mwinjilisti wa Kilutheri, kule Vudee, mwaka 1979. Vilikuwa kumi na moja, vyako, na aliyechoma ni baba yetu. Nilikuwepo. Juu yake hujaandika sura hata moja. Mzee Iddi ulimwona mara moja, akikuletea chai.

Kaka yako,
Eliamini


Same, 5 Oktoba 2024

Mdogo wangu,

Hujambo? Simu zangu nne hukupokea. Niliuliza idarani kwenu, wakasema unafundisha kama kawaida, kwa hiyo mgonjwa si wewe. Bi. Zaituni ndiye anayeumwa, presha. Kati ya watoto wake, anayefika kumwona ni mmoja.

Kaka yako,
Eliamini


Dar es Salaam, 14 Oktoba 2024

Shikamoo kaka,

Pole kwa ugonjwa wa Bi. Zaituni. Sikupokea simu kwa sababu nilikuwa napekua. Nimepitia karatasi zangu zote za Same. Hakuna mahali aliponiambia amekatazwa. Niliandika mimi.

Habari ya baba usiiingize hapa. Au iingize. Bado sijui.

Mchapishaji amekubali kusubiri. Idara imesema kadi za mwaliko zimeshatoka, kwa hiyo kichwa cha mhadhara kitabaki kilevile, ila nitakayosema ni mengine. Nimeandika marekebisho kurasa mbili. Nataka kumsomea yeye kwanza, mbele ya watoto wake. Akisema futa, nafuta. Daftari siliombi.

Muulize kama nije.

Mdogo wako,
Asnath


Same, 18 Oktoba 2024

Mdogo wangu,

Hujambo? Presha imeshuka, amekubali. Ameuliza kama unasoma kwa sauti, maana masikio yake si ya zamani. Watoto wawili wamesema watakuja, wa tatu ataamua siku hiyohiyo, wa nne amekataa.

Ni Jumamosi tarehe 26 Oktoba, saa nne asubuhi, nyumbani kwake.

Kaka yako,
Eliamini