Nyekundu ya Jirani

Tarehe 3 Machi

Mwanangu,

Salaam nyingi. Huku wazima, magoti yananisumbua ila tumeshazoeana. Unakula? Anayeandika ni fundi cherehani jirani yetu, maana mimi kalamu sijui hata inashikwaje. Ananihimiza, ana suruali ya mtu. Asubiri.

Nina hasira. Chumba cha kuzalia hapa zahanati kimefungwa, kufuli hili kubwa. Mkunga kahamishwa, kaondoka analia, kasahau hata kandambili zake mlangoni. Nikamuuliza, kosa letu nini? Akasema ripoti ya ofisi kuu imetutia rangi nyekundu. Nikasema ofisi kuu ipi, si ya mwanangu hiyo? Dada yako tumbo limeshashuka, na unajua uzazi wa kwanza damu ilivyomtoka, mkunga yule yule ndiye aliyemrudisha. Nani katupaka rangi?

Mama yako

Tarehe 11 Machi

Shikamoo Mama,

Natumaini magoti yamepata nafuu. Mimi mzima, nakula.

Aliyepaka ni mimi, ila si kwa mkono. Niliandika maagizo kwenye programu ya takwimu, nayo kila mwezi inatengeneza ripoti yenyewe. Kila zahanati ina mstari wake. Isiyozalisha akina mama wa kutosha, mstari wake mzima unakuwa mwekundu, wakubwa wauone upesi. Wenu ni mwekundu. Pengine wazazi wamepungua huko. Dada awahi hospitali kubwa.

Mwanao

Tarehe 17 Machi

Mwanangu,

Leo sikuulizi hali. Wamepungua wapi? Wiki waliyofunga, wazazi walilala wawili kitanda kimoja, kichwa huku miguu kule. Mke wa muuza mkaa kajifungua pacha. Binti wa mwenye kinu. Mke wa huyu fundi mwenyewe, anaandika huku anatingisha kichwa. Hospitali kubwa ni mwendo wa kutwa na dada yako hata kukaa hawezi. Wewe ulisoma hesabu zetu, au ulitazama rangi tu kama hao wakubwa wako? Mimi hata kitambaa nikinunua nakigeuza upande wa pili. Kaa chini usome.

Mama yako

Tarehe 24 Machi

Shikamoo Mama,

Poleni. Nimesoma. Hesabu zenu ni nzuri kuliko za wengi. Nilitakiwa kuiagiza programu iangalie hesabu za kila mstari ndipo ipake. Nilikuwa na haraka, nikaiagiza ipake mstari wa saba, basi, kwa kuwa wa saba ulikuwa zahanati ya ng'ambo isiyo na mkunga. Mwezi uliopita kikaongezwa kituo kipya pale juu, wote wakashuka mstari mmoja, rangi ikabaki palepale. Ninyi mliokuwa wa sita mkaingia kwenye nyekundu ya jirani.

Nimemwambia mkubwa wangu. Anasema tusijiaibishe, turekebishe kimya kimya kwenye ripoti ijayo.

Mwanao

Tarehe 29 Machi

Wewe,

Mwambie mkubwa wako mtoto hasubiri ripoti. Kazaliwa jana juu ya meza ya fundi ya kukatia nguo. Wa kike, mzima. Dada yako damu imemtoka mpaka midomo imekuwa myeupe, kikombe hawezi kushika. Mkubwa wako anaona aibu, na wewe unaona nini? Usiniandikie mpaka kufuli litoke.

Mama yako

Tarehe 20 Aprili

Mwanangu,

Hujaandika, angalau hilo umesikia. Magoti yale yale.

Jana mkunga kaja na ufunguo. Kandambili zake kazikuta mlangoni, nilimkataza kila mtu kuzigusa. Anasema ulisimama mkutanoni mbele ya wakubwa wote ukasema kosa ni lako, chumba kile cha kuzalia kifunguliwe siku ile ile, na kwamba kazi huna tena. Sasa mbona nalisikia kwa mkunga? Hilo nalo limeniudhi.

Dada yako anashika kikombe mwenyewe. Anasema msamaha wa barua hana, uje uuombe hapa. Mimi hasira bado ninayo, sijui itakwisha lini, na kitanda chako nimekianika.

Mtoto hatujampa jina. Njoo kwanza umtazame usoni.

Mama yako