Saini ya Zaitoun

Jumatatu, 3 Januari 1983. Moroni

Joto tangu alfajiri. Hakuna upepo hata wa kutikisa pazia.

Niliteremka mtaa wa Badjanani mpaka ofisi ya bima. Wakala ni Mouzaoir, niliyemfundisha hesabu. Mpaka leo hukaa wima nikiingia. Nikampa mkataba wa bima wa nyumba yetu ya Mutsamudu, kisiwa jirani. Akausoma, akajikuna shingo. Mwalimu, hii ni bima ya moto tu. Nyumba ya mawe chini ya ngome itaunguaje?

Kumbe miaka yote tumejikinga na adui asiyekuja! Kimbunga kina kifungu chake. Tena kiwango cha fidia kilichoandikwa ni bei ya kuiuza nyumba, si gharama ya kuijenga upya. Hayo ni mambo mawili. Nani siku hizi anajua kuchoma chokaa na kupanga mawe kama yale?

Nikachagua: kimbunga kiingie, na kiwango kiwe cha kujenga upya. Nikashika kalamu. Mouzaoir akaniuliza mwenye nyumba nani. Nikacheka. Mtoto wa hapa hapa, anajua! Kwetu mwanamume hana nyumba: hulala kwa mkewe, huheshimiwa kwa dada yake. Nyumba ni ya dada yangu Zaitoun. Alipewa siku ya harusi yake kama mama alivyopewa, na baada yake ni ya binti yake, Hayati.

Basi asaini yeye, akasema. Ule wa zamani uliusaini wewe, Mwalimu. Nyumba ikianguka, kampuni itasema ulikata bima ya mali isiyo yako.

Halafu, kwa sauti ya chini: redio ikishatangaza kimbunga, kifungu hakiuzwi tena. Ni haki, ukifikiri. Nani atamkinga mtu aliyekwisha kuloa? Lakini huu ndio msimu wenyewe. Nikatoka na fomu mfukoni, nimpelekee Zaitoun asaini.

Jumanne, 4 Januari

Nimefika uwanjani, hakuna ndege ya kwenda Mutsamudu. Wale Wazungu wa gadi ya Rais, askari wa kukodiwa, wamesimama mlangoni, bunduki mabegani, mmoja anamenya ndizi. Ndege leo ni yao. Bibi mmoja mwenye kikapu akasema kwa sauti: nchi yao, ndege yao, sasa na ndizi! Sote tukatazama chini. Kicheko kilitubana mbavu, hakuna aliyekitoa.

Nyumbani mke wangu, Ramlati, akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema: "Mume wangu, miaka yote unalala chini ya paa langu. Hilo likiruka je?"

Nikaenda bandarini kuulizia meli.

Alhamisi, 6 Januari. Mutsamudu

Nimefika kwa meli ya mizigo, katikati ya magunia ya saruji. Nimetapika mpaka nyongo. Mawimbi marefu, mazito, na upepo hakuna. Sipendi kabisa.

Zaitoun akanipa chai ya tangawizi. Nikamweleza taratibu, kama darasani: mabati yetu juu, dari ya zamani chini yake, mabati yakienda, mvua itaozesha mbao, mbao zikianguka zitavuta kuta. Akaelewa upesi. Lakini hasaini. "Kaka, nyumba hii nimeishikilia tu. Lazima wanawake wote wakubali."

Wote maana yake Hayati, aliye Mirontsy harusini mpaka kesho, na mama mdogo Koultoumi, aliye hapa hapa na hataki. Anasema anayepeleka jina la nyumba ofisini ameanza kuiuza. Nikamwambia bima ni kama mchango wa msiba. Akanijibu papo hapo: "Mchango hutolewa msiba ukishafika, mwanangu. Hao wako wanachangisha kabla. Wanauita!"

Hata mimi nilicheka. Kisha nikaenda dirishani kuitazama bahari tena.

Ijumaa, 7 Januari

Baada ya swala wanawake wamekaa juu, mimi chini. Sauti zinapanda, zinashuka. Hayati peke yake ndiye aliyeteremka kuniuliza: "Mjomba, bila karatasi hii, paa likiruka atalijenga nani? Pensheni yako?"

Nikamwambia kweli: haitoshi hata kwa dari.

Akapanda tena. Jibu ni kesho! Nikamkumbusha Zaitoun habari ya redio. Redio haimtangulii Mungu, akasema. Sawa. Lakini inamtangulia Mouzaoir.

Jumamosi, 8 Januari. Posta

Naandika kwenye benchi. Upepo umekuja.

Walikubali asubuhi, Koultoumi wa mwisho, huku akinuna. Zaitoun akavaa miwani, akaandika jina lake kwa herufi za Kiarabu, polepole, zuri kweli. Wino haujakauka, jirani yetu Bacar akaita kutoka uchochoroni: fungeni madirisha, redio imetangaza kimbunga! Lini? Tangu saa nne, Mwalimu, nyinyi mmelala?

Zaitoun alisaini karibu saa tano.

Penye tarehe ameandika. Penye saa ameacha wazi. Akanisukumia fomu bila kunitazama. "Hapo jaza wewe, kaka. Wewe ndiye msomi." Koultoumi naye, aliyekuwa hataki karatasi, akasema: haya, andika basi!

Nikaja mbio kupiga simu Moroni. Mouzaoir alisikika kama yuko chini ya maji. Mwalimu, amesaini? Amesaini. Saa ngapi? Sema tu, naandika hiyo utakayosema. Sitamuuliza mtu mwingine.

Angenitilia shaka na kumuuliza mtu mwingine, ingekuwa rahisi!

Laini ikakatika kabla sijafungua mdomo. Karani anajaribu kuirudisha. Fomu iko magotini, penye saa bado wazi, nimeibana kwa kiganja isipeperuke. Bati limepita mbele ya mlango likikwaruza mawe — si letu, letu ni jekundu. Sasa jingine. Sikuliona rangi.

Karani ananyoosha mkono wenye simu. Mwalimu, yuko hewani, fanya haraka—