Nilipunguza Moto wa Tanuri la Binti Yangu

Mpendwa mshauri, pokea salamu nyingi kutoka nyumbani kwangu, mimi mzima, baba watoto mzima ila goti, mama mkwe mzima na anasema barua uzisome redioni kwa sauti kubwa zaidi, kitindamimba mzima na kelele zake, ni binti yangu mkubwa tu ndiye mzima nusu, naomba unisaidie maana kosa ni langu.

Binti huyu yuko chuo, kazi yake kupika unga wa fuwele, anachanganya salfa na metali adimu inaitwa seriamu, anatia kwenye tanuri, na aliniambia, "Mama, vitu ni vilevile, ila moto ukibadilika chembe zinajipanga vingine na rangi inageuka," sasa yeye alitaka nyekundu. Jumatatu nikampelekea chakula, akatoka kunawa mikono, nikaona namba ya moto ni elfu moja mia tatu, nikasema jamani, hata mifupa haipikwi hivi, na tanuri lenyewe halina mtu wa kuliangalia, basi nikazungusha kitufe hadi mia nane nikampakulia chakula bila kumwambia. Kesho yake unga ukatoka mweusi tii, mwanangu akalia, akamgeukia fundi wa maabara, "Wewe ndiye uliyegusa!" Fundi akasema, "Dada, naapa sijagusa." Ijumaa fundi anaitwa mbele ya mkuu, huenda akafukuzwa, na binti yangu ananiambia, "Mama, ninayemwamini ni wewe tu." Nifanyeje? Nijibu upesi, Ijumaa haiko mbali.

Mama Mpunguza Moto

Mama Mpunguza Moto, salamu zimefika, mpe pole mwenye goti. Hebu niambie, mgeni akikupunguzia moto wa maharage bila kukuambia, utamwitaje? Usijibu, tuko hewani. Najua uliogopa pasije pakaungua, mama ni mama. Lakini sasa anayeungua ni fundi, naye hana hatia!

Leo hii mkalishe binti yako umwambie, "Niliyegusa ni mimi." Atapiga kelele, mwache apige. Kisha nendeni wote wawili kwa fundi, umwombe radhi kwa mdomo wako mwenyewe, usimtume mtoto, halafu mfike kwa mkuu kabla ya Ijumaa. Mtajie binti yako ile mia nane, na saa uliyozungusha. Unga ule haujaharibika, mama, chembe zake zimejipanga kwa moto mdogo, na akijua namba ataandika kwa nini umekuwa mweusi. Asipoijua, atautupa na kuendelea kumchukia mtu bure. Daftari lake limekosa mstari mmoja, na anayeujua ni wewe. Vaa viatu.